Fundi wa madirisha ya mbao, maji yamenifuata mpaka kitandani. Usiniambie tena "mbao ndivyo zilivyo"

Wakuu, habari za asubuhi. Mimi sijalala. Saa tisa usiku nimeamshwa na tone la maji shavuni, ndani ya neti, kwenye nyumba ambayo sijamaliza hata mwaka tangu nihamie. Sio paa, paa liko salama. Ni dirisha. Maji yamepita kwenye kona ya fremu, yakateleza kwenye plasta, yakafika kwenye mto. Mama watoto kahamia sebuleni na watoto, mimi nimebaki na ndoo na matambara.

Modi, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa mbao au aluminiamu. Sibishani kipi bora. Ninalalamika kwamba nimepigwa.

Nyumba ipo Kigamboni, upande wa bahari, na vyumba vyote vya kulala vinatazama kusini-mashariki. Watu wa pwani mnajua maana yake. Kusi ikianza kuvuma na masika hayajaisha, mvua haidondoki, inakuja kwa ubavu. Majirani karibu wote wameweka aluminiamu. Mimi nikang'ang'ania mbao kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ya babu Tanga, ambako madirisha ya mvule ni ya zamani kuliko baba yangu na bado yanafunguka kwa kidole kimoja.

Mwezi wa tisa mwaka jana nikaelekezwa kwa fundi. Tukakubaliana madirisha 9, mbao ya mkongo, vioo vya milimita 5, laki mbili na nusu kila dirisha. Akasema siku 10, na siku ya 10 akaleta kweli. Hapo ndipo ningeshtuka. Mbao gani inatoka kwa mpasuaji, inakaushwa, inapigwa randa na kuunganishwa ndani ya siku 10? Lakini nilikuwa nimechoka kulipa kodi, nikaona nimempata fundi mchapakazi.

Januari, jua la kaskazi likiwaka, fremu zikaanza kuachana na ukuta. Sio ufa wa kuutafuta kwa tochi. Niliingiza sarafu ya shilingi 200 ikazama yote. Kwenye kona za mashata (zile fremu za kioo zinazofunguka na kufungwa), pale mbao mbili zinapokutana, mwanga ukawa unapita. Nikampigia fundi. "Bosi, mbao ni kiumbe, inapumua. Masika ikija itajaa."

Masika yakaja. Mbao ikajaa kweli, ila ilijaa ikiwa imeshapinda, kwa hiyo mashata matatu hayafungi na mawili hayafunguki. Vioo viwili vimepasuka kwenye kona bila kuguswa na mtu.

Nikaenda karakana kwake mwenyewe. Nikakuta wanachana mbao za oda nyingine, zinatoa harufu ya maji maji, ukibonyeza ukucha unaingia. Nikaomba kipande kama cha kuonyesha rangi, nikakifunga kwenye nailoni, nikaondoka nacho. Nyumbani nikakiweka kwenye mzani wa jikoni: gramu 258. Nikakitia kwenye ovena, nyuzi 100 na ushee, nikawa nakitoa na kukipima mpaka uzito ukagoma kushuka: gramu 200. Mimi ni mtu wa hesabu, sio seremala, lakini hii hesabu hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Gramu 58 za maji juu ya gramu 200 za mbao ni asilimia 29. Mbao ya dirisha kwa hewa yetu ya pwani inatakiwa iwe kwenye asilimia 12 mpaka 15 hivi kabla haijaguswa na patasi. (Mama watoto hadi leo ananiuliza ule mkate wangu umeiva?)

Kwa hiyo sio kwamba mbao inapumua. Niliuziwa maji kwa bei ya mkongo, maji yakakauka nikabaki na nyufa.

Na wanaosema "mbao zote husinyaa tu", sikilizeni. Mbao haisinyai kwa urefu, au ni kidogo sana usioonekana. Inasinyaa kwa upana, tena upande unaofuata zile duara za mti husinyaa karibu mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Ndiyo maana haipungui tu, inajikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Wazee walikuwa wanapanga mbao kivulini, vijiti katikati hewa ipite, karibu mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Fremu yangu ni inchi 2. Sidai miaka miwili, matanuri ya kukaushia yapo siku hizi. Nadai uniambie mapema kwamba mbao ni mbichi, nichague mwenyewe kusubiri au kuongeza hela.

Tuje kwenye mashata. Moja kati ya yale yaliyopasuka vioo nimelivua lote, nikalilaza sakafuni. Kona haina ulimi wala tundu, yaani mbao moja kuchongwa iingie ndani ya mwenzake. Mbao mbili zimegusanishwa, zikapigwa misumari miwili ya inchi 3, ikapakwa gundi na vumbi la msumeno kuficha. Shata linaning'inia kwenye bawaba upande mmoja, uzito wote wa kioo unavuta kona ya pili kwenda chini, msumari unalegea, shata linalala. Likilala, kinachobaki kulishikilia pembe nne ni kioo chenyewe. Kioo hakijui kazi hiyo, kinapasuka. Fundi anasema eti watoto wamebamiza dirisha.

Na kioo chenyewe nimekipima ukingoni: milimita 3. Nililipia 5. Hapo nitanyamaza, maana nikisema ninachofikiri nitapigwa ban.

Kingine kuhusu kioo. Kimekatwa kubana kabisa kwenye ngazi yake, ule mkato wa mbao kinamokaa, hakuna nafasi hata ya karatasi. Kioo kinatakiwa kiachiwe milimita 2 au 3 kila upande, chini kikalie vipande vidogo vya mbao ngumu au mpira, ili mbao ikicheza kioo kisibanwe. Halafu pati, ile ya kushikilia kioo kwenye mbao. Jamani, pati aliyoweka ni ile ya kulainishia ukuta! Imekauka kama chokaa, inamenyeka kwa kucha. Pati ya kioo ni ya chaki na mafuta ya kitani, na kabla ya kuipaka ile ngazi inapigwa kwanza rangi ya msingi. Usipofanya hivyo mbao kavu inayanyonya mafuta yote, pati inabaki unga, inapasuka, maji yanakaa nyuma yake yakiozesha mbao taratibu. Nimeyajua haya kwa wiki tatu za kusoma na kuuliza wazee. Mtu anayejiita fundi kwa miaka 15 hayajui? Au anayajua ila kopo la rangi ni gharama?

Sasa ndio kilichonikosesha usingizi leo: kizingiti cha chini.

Pasaka nilienda Tanga. Nikakaa barazani kwa babu nikaangalia lile dirisha kama naliona mara ya kwanza. Kizingiti kimeinama kwenda nje, unaona kwa macho. Kimetokeza nje ya ukuta kama vidole vitatu. Nikapitisha mkono chini yake, nikakuta mfereji, mwembamba, unatosha ncha ya kidole, umetoka mwanzo hadi mwisho wa ubao. Miaka yote ile sikuwahi kujua upo. Mjomba akanicheka: "Huo ndio unaozuia maji yasirudi ndani. Hukuujua?"

Maji yana ung'ang'anizi. Yakifika ukingoni mwa ubao hayadondoki tu, yanageuka chini yake na kutambaa kurudi ukutani. Yakikuta ule mfereji yanashindwa kuuvuka, yanadondoka nje. Basi. Kuutengeneza ni kupitisha mashine mara moja. Hauongezi mbao, hauongezi hata msumari.

Niliporudi Kigamboni kitu cha kwanza nikapapasa chini ya vizingiti vyangu. Laini kabisa, vyote 9. Tena vimekatwa sawasawa na ukuta, havikutokeza. Nikachukua gololi ya mwanangu nikaiweka juu ya kizingiti cha chumbani. Ikabingirika kuja ndani. Yaani fundi Maiko wangu (ndivyo tunavyowaita mafundi wababaishaji) kanitengenezea mfereji wa kuleta mvua kitandani.

Mengine nayapitia haraka. Ule upande wa fremu uliozama ukutani haukupakwa kitu chochote, kaweka mbao mbichi kwenye saruji mbichi. Ncha za mbao, ambako maji hunyonywa kama mrija, nazo ziko wazi. Na fremu mbili zina ukingo mweupe, ile sehemu ya nje ya mti iliyo laini, umefichwa na vanishi. Wadudu wameshaanza, unga kama wa sembe unamwagika kila asubuhi.

Kuna mtu atakuja kuandika "si ungeweka aluminiamu mkuu". Mkuu, fundi wa hivi nikimpa aluminiamu ataiinamisha ndani vilevile. Kuna na atakayesema "ulitaka cha bei rahisi". Laki mbili na nusu kwa dirisha, sikuomba punguzo hata la shilingi. Kosa langu ni kuharakia kuhama na kutouliza swali hata moja zaidi ya "lini?". Hilo nalikubali, nimeshalilipia.

Ninachoomba kwenu: mwenye kumjua seremala wa Dar au Pwani anayekubali mteja aje na kipima unyevu na kuchoma sindano kwenye mbao kabla ya kulipa, aniPM. Sihitaji mwenye maneno matamu. Nataka kona za ulimi na tundu, kizingiti chenye mfereji, na kioo nitakachokipima mbele yake. Vizingiti nimeambiwa vinaweza kubadilishwa bila kung'oa fremu nzima, kama kuna aliyewahi kufanya hivyo aniambie ukuta ulipona au la.

Na kabla hamjauliza: ndiyo, bado ananidai laki nne ya mwisho. Tangu Januari simu zangu hapokei, ila jana jioni kapiga mwenyewe kuiulizia. Nimemwambia ipo, aje kuichukua usiku wa mvua, tukae wote pale chini ya dirisha la chumbani nimhesabie.