Ulinganisho: besi wa Naivasha, besi wa Darwendale au sangara wa Rubondo, na twende mwezi gani?

Mshipi wa Tabata
Wakuu, habari za humu ndani. Mimi na washkaji wangu wawili ni watu wa maji chumvi: Kunduchi, Mbudya, tukipata nafasi tunavuka Kigamboni. Kolekole na changu tumewazoea. Safari hii tunataka ziwa, na tunamtaka besi wa mdomo mkubwa, yule samaki mwenye asili ya Marekani anayevuliwa kwa fimbo na chambo bandia. Tumechuja tumebaki na sehemu tatu: Naivasha kule Kenya, bwawa la Darwendale karibu na Harare, au tuachane na besi twende Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, kwa sangara. Likizo zetu zinakutana Februari, au mwisho wa Agosti kuingia Septemba. Bajeti ni ya watu wa mishahara, si ya wabunge. Nani ana uzoefu?

Mzee Chubwi
Mdogo wangu, unachagua ziwa kabla ya kuchagua mwezi, ndiyo maana unazunguka. Besi anaongozwa na joto la maji na macho yake, mengine yanafuata. Maji yakiwa yanapanda joto na kufika nyuzi 16 hadi 20 hivi, dume anasogea kina kifupi, anafagia chini kwa mkia mpaka panabaki duara safi, jike anataga, halafu dume anabaki peke yake kulinda mayai na vifaranga. Wakati huo chochote kinachopita jirani anakigonga, hata kama hana njaa.

Zimbabwe kuna baridi ya kweli. Juni na Julai maji yanapoa, besi anazama vilindini na anakuwa mvivu kupindukia. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba anapanda kwenye kingo kutaga, na huo ndio msimu wenyewe. Ukienda Februari unakuta joto na mvua. Samaki yupo, ila asubuhi sana na jioni tu.

Naivasha iko karibu kabisa na ikweta. Joto la maji halichezi sana, kwa hiyo samaki hana mwezi mmoja wa kutaga. Kule achana na kipimajoto, tazama mvua.

Kwa hiyo Februari ni Naivasha, Septemba ni Darwendale. Ukigeuza utalalamika bure.

Kijana wa Karagita
Mzee amenena. Mimi niko hukuhuku Naivasha, acha niongeze ya mwenyeji.

Mito yetu, Malewa na Gilgil, inaingilia kaskazini. Mvua ndefu ikianza Machi mpaka Mei inasomba udongo wa mashambani, ziwa upande ule linakuwa rangi ya chai ya maziwa. Besi anawinda kwa macho, sasa atakiona wapi chambo chako? Januari na Februari maji yametulia. Anzeni karibu na kisiwa cha Crescent, pale ndipo penye kina kirefu zaidi katika ziwa lote.

Jambo lingine: maji yalipanda sana kuanzia 2020, yakameza mashamba, ua na hata nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Migunga iliyozama imekufa imesimama majini. Kwa mwenye shamba ni hasara, kwa besi ni nyumba. Boti isimame mbali kidogo, urushe chambo kianguke ubavuni mwa shina, ukiache kizame chenyewe bila kuvuta. Macho yawe kwenye mshipi, si kwenye fimbo. Mara nyingi besi anakila kikiwa kinashuka, na utakachoona ni mshipi kwenda kando taratibu. Usingoje uzito mkononi, inua fimbo kwa nguvu hapohapo ili ndoano imshike. Chambo cha plastiki cha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu kinafanya kazi vizuri, kwa sababu hapa kuna kamba wa maji baridi kutoka Louisiana walioletwa 1970, na besi anawapenda ajabu.

Saa sita mchana upepo unaamka. Ikifika hapo geuzeni boti. Na viboko si hadithi za kutisha watoto, hapa wanaua watu. Msivue mkiwa mmesimama ukingoni kwenye mafunjo, alfajiri au jioni, hata mkiona wenyeji wanafanya hivyo.

Binti Kunduchi
Samahani wakuu, hivi mtu anatoka Dar mpaka Naivasha kwa samaki wa kilo moja na nusu? Rubondo kuna sangara anayeweza kupita kilo hamsini, yuko nchi yetu, unalipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi. Uvuvi wa mchezo unaruhusiwa pale, unamvua, unampiga picha, unamrudisha. Treni ya mwendokasi mpaka Dodoma, kisha basi la kwenda Geita, halafu boti. Sioni mjadala uko wapi.

Mzee Chubwi
Binti, sangara nampenda na sikatai. Lakini sangara wa Rubondo utamvua zaidi kwa kukokota chambo kikubwa nyuma ya boti, injini inanguruma, unangoja. Hawa vijana wanataka kurusha, kulenga, kumdanganya samaki mmoja mmoja kwenye kichaka chake. Ni michezo miwili tofauti. Hata ukoo si mmoja, sangara na besi hawana undugu wa karibu.

Binti Kunduchi
Sawa mzee, ila kilo hamsini ni kilo hamsini 😄

Mshipi wa Tabata
Kijana wa Karagita, asante sana kaka. Swali: tukibanwa na kazi Februari, tukaja Agosti hukohuko Naivasha, tutarudi mikono mitupu?

Kijana wa Karagita
Hapana, mtavua. Juni mpaka Agosti kuna mawingu na baridi, na tope la mvua ndefu linakuwa limeanza kukaa chini. Mawingu yenyewe yanasaidia, besi haogopi kutoka kivulini. Bebeni majaketi tu, ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na asubuhi boti ikikimbia mtu wa Dar anaweza kulia. Wabaya ni Aprili, Mei na Novemba.

Ila niseme ukweli ili msinilaumu. Besi aliletwa hapa 1929, na kwa miaka mingi yeye na perege ndio walikuwa samaki wa ziwa hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatokea kapi, yule mwenye vindevu, na hakuna aliyekusudia aingie. Kapi anachimbachimba chini akitafuta chakula, anatibua tope, na leo wavuvi wa nyavu wanamvua zaidi yeye. Besi yupo, lakini si wa kujaza ndoo. Siku nyingine unapata samaki wazuri wachache, siku nyingine ni mmoja tu na picha.

Dereva wa Tunduma
Hapo ndipo Darwendale inapoipita Naivasha. Kule besi ni mchezo wa taifa zima, wana mashindano, na besi wa mbegu ya Florida, Marekani, waliopandikizwa kule wanakuwa wakubwa kweli. Rekodi ya dunia ya besi ni kilo 10 na kidogo, Georgia 1932, ikafikiwa Japani 2009. Zimbabwe hawajafika huko, lakini samaki wa kilo nne hawashangai sana.

Tatizo ni barabara. Dar mpaka Tunduma peke yake ni kama kilomita 930, halafu Zambia yote mpaka Chirundu, ndipo uingie kwao. Viza hatulipi nchi zote mbili, lakini mgongo utalipa. Mkienda kwa basi, fimbo ziwe za kukunjika vipande na ziwekwe kwenye bomba gumu la plastiki. Chini kwenye buti mizigo inarushwa kama hakuna mwenyewe.

Mshipi wa Tabata
Nimewaelewa. Tunaelekea Naivasha Februari, kupitia Namanga. Darwendale tunaiwekea akiba ya Septemba ya mwaka mwingine. Binti Kunduchi usininunie.

Binti Kunduchi
Sijanuna, nitawatumia picha za sangara.

Mama Wali Nazi
Mimi napita tu. Huyo besi analika?

Kijana wa Karagita
Analika mama, nyama nyeupe na miba michache, ukimkaanga hutajuta. Ila uliza kwanza masharti ya kibali chako, na dume uliyemtoa kwenye kiota mrudishe haraka, kwa sababu akiondoka samaki wadogo wanamaliza mayai.

Mshipi wa Tabata
Kibali hicho kinapatikana hapohapo Naivasha au tuhangaikie Nairobi?

Kijana wa Karagita
Hapohapo. Mwambie mwenye boti kabla hamjapanda basi Dar, akuulizie ofisi ya uvuvi. Na mje na pasipoti na kadi ya homa ya manjano, pale Namanga huwa wanaiulizia.