Nimepewa amplifaya, mashine ya santuri na spika za miaka ya 1970: nianzie wapi kabla ya kuviwasha?

Mrithi wa Seti

Habari zenu wakuu. Mjomba wangu amehamia nyumba ndogo na amenikabidhi seti yake ya muziki ya miaka ya 1970, ambayo ilikaa stoo kwa muda mrefu sana ikiwa imefunikwa shuka. Kuna amplifaya ya Kijapani yenye redio ndani yake, mashine ya santuri inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, spika mbili nzito za mbao, na maboksi kadhaa ya santuri. Bado sijachomeka chochote kwenye umeme.

Nilichokiona kwa macho ni hiki. Sponji inayozunguka karatasi ya spika za besi inamomonyoka ikiguswa na kuacha unga mweusi unaonata vidoleni. Mkanda wa mashine ya santuri umelegea, na sehemu moja umegandia chuma. Vitufe vya amplifaya vinazunguka kwa shida, ingawa uso wake wa alumini haujachubuka hata kidogo. Naweza kushika chuma cha kulehemu na ninajua kutumia mita ya umeme, lakini sijawahi kufungua kifaa kinachotumia umeme wa ukutani. Naomba kujua nianze na kipi, nibadilishe nini, na kama kweli seti ya namna hii inastahili jitihada hizo.

Fundi Mstaafu

Umefanya vizuri kutochomeka. Kabla hatujaenda mbali, geuza amplifaya uangalie pale waya wa umeme unapoingilia, kisha utuambie kibandiko kinasema volti ngapi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni vya volti 120, na vya Ulaya ni vya 220 hadi 240, lakini kwa sura vinafanana kiasi kwamba huwezi kuvitofautisha ukivitazama kwa mbele. Baadhi ya vile vya kuuzwa nje vina kichagulio cha volti mgongoni; kama chako kinacho, angalia kimeelekezwa wapi. Fanya hivyo hivyo kwa mashine ya santuri, na huko usome pia hezi, yaani mara ambazo umeme hubadilika kila sekunde.

Mrithi wa Seti

Shukrani mzee wangu. Amplifaya imeandikwa volti 100, hezi 50/60, wati 180, na haina kichagulio. Mashine ya santuri imeandikwa volti 220, hezi 50. Umeme wangu ni volti 230, hezi 50.

Fundi Mstaafu

Basi ungeichomeka amplifaya hiyo moja kwa moja, tungekuwa tunazungumzia majivu. Tafuta transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100 yenye uwezo wa wati 300 au zaidi, ili isifanye kazi kwa kujikamua. Mashine ya santuri haina tatizo la volti wala la hezi.

Ukishaipata transfoma, bado usiiwashe amplifaya kwa umeme kamili. Tengeneza kifaa ambacho mafundi wa redio wamekitumia miaka nenda miaka rudi: balbu ya nyuzi, ile ya zamani inayotoa joto na siyo ya LED, ya wati 60 hadi 100, iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto kati ya ukuta na transfoma. Hakikisha viungio vyote vimefunikwa vizuri. Ondoa spika zote, punguza sauti hadi mwisho, kisha washa. Balbu iking'aa kwa nguvu halafu ikafifia baada ya sekunde chache, ni dalili njema, kwa sababu kapasita kubwa, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, zilikuwa zinajaa. Iking'aa bila kufifia, kuna shoti ndani. Zima mara moja, na ushukuru kwamba balbu imebeba mzigo ambao ungeunguza transista.

Balbu ikififia, pima volti za mkondo mnyoofu (DC) kwenye matundu ya spika, kushoto na kulia. Ukipata chini ya milivolti 50, uko salama. Ukipata volti kadhaa, usithubutu kufunga spika, maana umeme huo utasukuma koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika, upande mmoja na kuiunguza. Amplifaya nyingi za wakati huo zina rilei ya ulinzi, yaani swichi inayojiunganisha yenyewe, inayolia "tak" sekunde chache baada ya kuwashwa. Kwa umeme uliopunguzwa na balbu huenda isilie, na hilo si jambo la kuogopa, ila rudia kipimo cha matundu ya spika ikishalia, maana kabla ya hapo huwa haijayaunganisha. Lakini ikikataa kulia hata kwa umeme kamili, huwa kuna kasoro inayoiona. Wapo wanaoiunganisha kwa waya ili "ikubali". Huko ni kuua spika kwa makusudi.

La mwisho kwa leo: zile kapasita mbili nene kama makopo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Subiri, pima kwa mita, na kama bado kuna volti, zimwage kupitia resista. Usizishoti kwa bisibisi.

Mkono wa Solda

Naongezea kwa heshima kwamba, kwa umri huo, mimi ningebadilisha kapasita zote za elektroliti bila kuuliza. Maji yaliyomo ndani hukauka, uwezo hupungua, na hata zile ambazo hazijavimba zinaweza kuwa zimechoka. Ukishafungua, maliza kazi yote.

Fundi Mstaafu

Ndugu yangu Mkono wa Solda, hapo tunatofautiana. Kwa mtu ambaye hajawahi kufungua amplifaya, kung'oa kapasita hamsini kwa mkupuo ni kujitafutia hasara. Njia za shaba kwenye bodi za enzi hizo hubanduka kwa joto kidogo tu, na moja ikifungwa kinyume, upande wa hasi ukaenda kwenye chanya, hutajua hitilafu imetokea wapi kati ya zote ulizogusa. Mimi naanza na kile kinachoonekana: kapasita zilizovimba kichwani, zilizovuja chini, au zilizo karibu na resista za moto ambapo bodi imegeuka rangi ya kahawia. Naziweka mpya zenye uwezo ule ule, volti zile zile au zaidi, na zinazohimili nyuzi joto 105. Kisha nawasha tena kupitia balbu na kupima. Kundi dogo, kipimo, kundi dogo, kipimo, na picha ya kila bodi kabla ya kuigusa. Kama amplifaya inafanya kazi, haingurumi, na haipati joto lisilo la kawaida, iache ipige muziki.

Vitufe vigumu na sauti inayokwaruza ni suala jepesi zaidi. Nunua dawa ya kusafishia viungio vya umeme, inayoacha ulainisho kidogo, na siyo yale mafuta ya kufungulia nati zilizoshika kutu, ambayo huvutia vumbi na kuharibu njia ya kaboni iliyo ndani ya kitufe. Kifaa kikiwa kimechomolewa, puliza dawa kwenye kijitundu cha kila kitufe na swichi, kisha kizungushe mara nyingi mwanzo hadi mwisho. Ukikuta upande mmoja hausikiki, au hakuna sauti kabisa, kabla ya kulaumu transista tazama swichi iliyoandikwa TAPE MONITOR. Ikiwa imebonyezwa na hakuna deki ya kaseti iliyounganishwa, amplifaya itanyamaza kabisa huku taa zote zikiwaka. Nimeletewa amplifaya "zilizokufa" ambazo tiba yake ilikuwa kubonyeza swichi hiyo tu.

Bi Besi

Mwanangu, mimi nizungumzie spika. Unga mweusi unaonata ndio mwisho wa kawaida wa sponji za polyurethane: unyevu na hewa huzivunjavunja zenyewe, spika itumike au isitumike. Kwa hiyo usizipige muziki hata kidogo zikiwa hivyo. Bila ukingo wa kuishikilia, karatasi huyumba na koili hukwaruza kwenye sumaku, na koili ikishachubuka hakuna sponji itakayoiponya.

Habari njema ni kwamba ukingo mpya unapatikana, na kazi hii inafanyika mezani nyumbani. Pima kipenyo cha karatasi na cha fremu, kwa sababu spika mbili zinazoitwa za inchi 10 zinaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Baki kwenye sponji kama ya kwanza ilikuwa sponji; ukingo wa mpira mzito hubadilisha tabia ya besi. Safisha gundi ya zamani kwa spiriti na subira, ukisugua taratibu, bila kisu kinachoweza kuchana karatasi. Gundisha kwanza ukingo kwenye karatasi na uache ukauke. Ndipo uje kwenye fremu, na hapa ndipo kazi ilipo: gundi ikiwa bado mbichi, weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka katikati ya karatasi, uisukume ndani kidogo na kuiachia, ukisikiliza kwa makini. Ukisikia mkwaruzo hata mdogo, koili imeegemea upande; sogeza ukingo kidogo na ujaribu tena mpaka isogee kimyakimya. Kisha iache siku nzima.

Kabla ya kurudisha spika ndani ya boksi, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Kwa spika nyingi karatasi inapaswa kuruka kwenda nje, lakini la muhimu zaidi ni kwamba zote mbili ziruke upande mmoja. Moja ikifungwa kinyume, besi hupotea na mwimbaji hasikiki katikati tena.

Kama maboksi yako yamefungwa pande zote bila tundu la hewa, basi yanafuata mfumo ulioletwa sokoni na kampuni ya Acoustic Research mwaka 1954 kutokana na ubunifu wa Edgar Villchur, ambapo hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi ya karatasi. Boksi la aina hiyo likivuja, besi hulegea, kwa hiyo usitupe gasketi, ile pete ya kuziba hewa inayozunguka spika. Na usishawishike kuweka spika mpya za aina nyingine ndani ya mbao hizo. Mgawanyo wa sauti kati ya besi na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ulipangwa kwa ajili ya zile za kwanza.

Mrithi wa Seti

Nimewasoma nyote, na nimeagiza transfoma pamoja na sponji. Vipi kuhusu mashine ya santuri? Na je, nikishamaliza nitapata sauti bora kuliko ya vifaa vya sasa, au nafuata hisia tu?

Mlezi wa Sindano

Nianze na swali la pili. Kwa usafi wa sauti, kwa maana ya kutokuwa na kelele, chombo cha kisasa kitaishinda santuri bila jasho. Lakini amplifaya nzuri ya miaka hiyo bado ni amplifaya nzuri, na wati zake ni za kweli. Tangu mwaka 1974 sheria ya Marekani iliwataka watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo, tofauti kabisa na zile namba za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi mno, zilizobandikwa baadaye kwenye redio za plastiki. Hata wati 40 za kweli zinaweza kujaza sebule. Unaweza pia kuunganisha simu kwenye tundu la AUX, la kuingizia sauti ya kifaa kingine, na kufurahia spika zako siku ambazo hutaki kugeuza santuri.

Sasa mashine. Kwangua mabaki ya mkanda, kisha futa kapi ya mota na ukingo wa ndani wa sahani kwa spiriti isiyo na mafuta, mpaka kitambaa kitoke kisafi. Mkanda mpya uchague kwa vipimo vya mashine yako, na usiushike kwa vidole vyenye mafuta. Tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli ya sahani linatosha.

Sindano badilisha, hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa sababu sindano iliyolika hupasua mifereji ya santuri na uharibifu huo haurudi nyuma. Sawazisha mkono wa sindano mpaka uelee wenyewe hewani, rudisha namba ya uzito kwenye sifuri, kisha uweke uzito uliotajwa na mtengenezaji wa sindano. Kwa nyingi ni kati ya gramu 1.5 na 2. Watu hudhani uzito mdogo huokoa santuri, lakini sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua zaidi.

Unganisha kwenye tundu la PHONO, na waya mwembamba wa ethi uufunge kwenye skrubu iliyo jirani, la sivyo utasikia mvumo mfululizo. Ukiunganisha kwenye AUX, sauti itakuwa hafifu na nyembamba, kwani sindano hutoa milivolti chache tu, na santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na trebo ikiwa imeongezwa. Tundu la PHONO ndilo linalokuza umeme huo na kurudisha uwiano.

Mrithi wa Seti

Nimeelewa vizuri. Jambo moja la mwisho: kwenye maboksi kuna sahani kama kumi zilizo nzito kuliko nyingine, ngumu, na mbili zimekatika. Nizisafishe kwa spiriti kama zile nyingine?

Mlezi wa Sindano

Hapana, zihifadhi mbali na spiriti kabisa. Hizo bila shaka ni santuri za sheleki (aina ya utomvu mgumu) za mizunguko 78 kwa dakika, za kabla ya vinili, plastiki ya santuri za baadaye, kuenea. Santuri ndefu za mizunguko 33 na theluthi ziliingia sokoni mwaka 1948. Spiriti huyeyusha sheleki. Tumia maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha uzikaushe zikiwa zimesimama.

Usizipige kwa sindano ya vinili pia, kwani mfereji wa sahani hizo ni mpana karibu mara tatu ya ule wa vinili na sindano nyembamba huzama hadi kwenye uchafu wa chini. Sindano pana huuzwa peke yake. Kama mashine yako ina 33 na 45 tu, zirekodi kwenye kompyuta kwa 45 kisha uongeze kasi kwa mara 1.733, ukijua kwamba uwiano wa besi na trebo utahitaji kurekebishwa kwa mkono, maana sahani nyingi za aina hiyo zilikatwa kabla watengenezaji hawajakubaliana juu ya kipimo kimoja.