MRI ya kiuno na maumivu ya mgongo: nitalalaje chali bila kutikisika?

Mwanzi_L5:
Wakuu, nimeandikiwa MRI ya kiuno. Diski ya L4/L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) inabana mshipa wa fahamu, na nikilala chali miguu ikiwa imenyooka, dakika kumi haziishi maumivu yameshashuka hadi kwenye unyayo wa kushoto. Kipimo ni kama nusu saa na sitakiwi kutikisika. Naomba kujua mkao unaosaidia, dawa ninywe saa ngapi, na nikizidiwa katikati, picha zote zinaharibika?

Pingili:
Mkuu, anza na magoti. Miguu ikinyooka, misuli ya nyonga iliyojishika kwenye pingili za kiuno inavutika, mgongo unapinda kwa ndani, na vitundu vinavyopitisha mishipa ya fahamu vinazidi kuwa vyembamba. Inua magoti na mvuto huo unalegea. Vyumba vingi vya MRI vina mto wa pembetatu wa kazi hiyo, lakini uombe mwenyewe kabla hujalala, maana mara nyingi hutolewa kwa anayeuulizia. Jaribu nyumbani kwa mito ya kawaida. Ukipata kimo kinachokutuliza, kipime kwa rula uende ukikitaja. Kisiwe kirefu mno: tundu la mashine lina upana wa sentimita 60 au 70, na meza inachukua sehemu yake.

Usikubali mto mnene chini ya kiuno, hata kama unahisi ungekusaidia. Koili inayopokea mawimbi kutoka mwilini imo ndani ya meza. Ukiwa mbali nayo picha inafifia. Taulo jembamba linatosha. Mikono usiifumbate wala usikutanishe miguu mitupu, kwa sababu ngozi ikigusana na ngozi inaweza kupitisha umeme na kuunguza pale zinapogusana.

Kipimo_Sahihi:
Kuhusu dawa, hesabu kutoka saa ya kuingia kwenye mashine, si saa ya kutoka nyumbani. Foleni ikichelewa, dawa inakwisha nguvu ukiwa bado kwenye benchi. Parasetamoli au ibuprofeni ya kawaida inywe dakika 45 hadi 60 kabla. Diklofenaki yenye ganda la kulinda tumbo huchelewa zaidi, mara nyingi kama saa mbili. Mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu asiguse ibuprofeni wala diklofenaki bila daktari, na kama utachomwa dawa ya kung'arisha picha, wajulishe hali ya figo zako mapema.

Misuli ikikaza sana, daktari anaweza kukuandikia dozi moja ya diazepamu. Ukiinywa usiendeshe gari, nenda na mtu. Usiichanganye kwa uamuzi wako na tramadoli au mofini: kwa pamoja zinaweza kupunguza upumuaji, na humo ndani uko peke yako. Plasta za dawa za kubandika nazo zitaje, baadhi zina utando wa madini unaoshika joto.

Mkupuo:
Hapana, haziharibiki zote. MRI si picha moja. Ni mikupuo kadhaa, kila mmoja dakika 2 hadi 6, na kelele ikikoma ujue mkupuo umekwisha na umehifadhiwa. Ndani ya mkupuo, taarifa za picha zote hukusanywa kidogo kidogo kwa dakika zile zote, ndiyo maana kujigeuza sekunde moja kunatia ukungu kila kipande cha mkupuo huo. Kupumua kawaida hakuna shida. Kikohozi na kuvuta pumzi ndefu ndivyo vinavyosumbua.

Hapa wengi wanakosea: kelele ikikoma wanajisogeza kimyakimya. Mikupuo inayofuata imeshapangwa kwa kufuata mkao wako wa mwanzo, hivyo inakata mahali pasipo diski. Sema kwanza, usogee, kisha wapige upya picha ya kutafuta mkao, haichukui muda. Kabla ya kuanza, omba pia T2 ya ubavuni itangulie, yaani mkupuo unaoonyesha mgongo kwa upande (wewe bado umelala chali). Ndiyo inayoonyesha diski na mishipa vizuri, kwa hiyo hata ukishindwa baadaye, daktari ana kitu cha kusoma. Na ule mpira wa dharura unaopewa mkononi uwaite wahudumu, uminye kweli ukizidiwa, umewekwa kwa ajili hiyo.

Mwanzi_L5:
Asanteni sana. Je, kulala ubavu kunaruhusiwa? Na nikishindwa kabisa?

Pingili:
Ubavu unawezekana, ila uwaambie wakati wa kupanga miadi, kwa sababu mpangilio unabadilika na ni rahisi zaidi kutikisika. Wakuwekee mto kati ya magoti na mwingine nyuma ya mgongo. Ikishindikana, kuna kulazwa kwa dawa ya usingizi: kwa kawaida huli kwa muda wa saa sita kabla ya kipimo, na maji matupu unayaacha saa mbili kabla. CT scan inamalizika kwa sekunde chache, lakini ina mionzi na haionyeshi mishipa ya fahamu kwa ubora ule.

Ila ukianza kushindwa kukojoa, au ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, au miguu yote miwili ikilegea, usingoje miadi. Nenda dharura siku hiyohiyo.

Mkupuo:
Nyongeza: kojoa dakika za mwisho kabla ya kuingia. Ukimaliza usiinuke moja kwa moja. Geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, shusha miguu, jisukume kwa mikono, ukae kidogo kabla ya kusimama.