Tetemeko la 6.0 na la 7.4 si yanakaribiana tu?

Ndizi_Tukuyu:
Wakuu habari zenu. Juzi usiku huku Tukuyu vikombe viligongana kabatini nikajua panya, kumbe ardhi, watoto wakaamka wanalia. Asubuhi nakuta ufa umetoka kona ya dirisha umepanda mpaka juu, ila kaka yangu yuko Uyole anasema hakusikia kitu. Sasa kinachonichanganya ni hizi namba, Karonga kule Malawi Desemba 2009 wanasema 6.0, lile la Rukwa la 1910 wanasema 7.4, hiyo si pointi moja na kidogo tu?

mwalimu_jiografia:
Hapana ndugu, hizo pointi haziendi kama kilo za mchele. Ukipanda namba moja mtikisiko unaoandikwa na mashine unaongezeka mara 10, na nguvu inayotoka ardhini kama mara 32. Kwahiyo la Rukwa lilitoa nguvu zaidi ya mara 100 ya lile la Karonga. Halafu watu bado wanasema Richter kwa mazoea, ile ya 1935, siku hizi matetemeko makubwa yanapimwa kwa skeli nyingine.

Fundi_Iringa:
Mwalimu kasema kweli ila namba hiyo ni ya tetemeko lenyewe, ni moja tu popote ulipo. Kuna kipimo kingine kinaitwa Mercalli, kinaanza I mpaka XII, hicho kinaangalia pale uliposimama wewe pametikisika vipi, ndo maana kwako na kwa kaka yako majibu ni tofauti. Vikombe kugongana ni kama IV, watu kuamka usingizini V. Na madhara yanategemea sana nyumba. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na 7.0 ikapoteza watu makumi elfu kwa makumi elfu, mwezi uliofuata Chile ikapata 8.8, nguvu kama mara 500, waliokufa ni mamia, maana kule wanajenga wakijua ardhi itacheza. Dada, tofali zako zimejengewa saruji au udongo? Na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inazunguka nyumba nzima? Huo ufa uwekee alama ya penseli pale unapoishia uandike na tarehe, ukiona umepita alama usilale humo.

Ndizi_Tukuyu:
Ndaga fijo, asante sana fundi. Ni udongo, na lenta iko juu ya mlango tu. Alama nimeshaweka, watoto nimewahamishia chumba cha upande wa pili.