Mchezo gani au mazoezi gani yanajenga mgongo wa juu na mabega bila gym?

Kijana wa Nyegezi aliuliza:

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya tizi. Mi nipo Mwanza, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kibanda nafanya miamala, simu mkononi siku nzima shingo chini. Pushapu napiga sana tangu niko shule, kifua kipo na mikono si haba ila mabega yamelala mbele na huku juu mgongoni ni bapa kabisa, ukiniangalia kwa pembeni utasema mzee. Gym ya karibu kwa sasa siwezi kulipa kila mwezi. Nilichonacho ni madumu ya maji, kiwanja cha mpira cha mtaani na ziwa liko hapo chini. Sasa jamaa yangu mmoja anasema we ogelea tu yatajaa yenyewe, mwingine anasema nikapige kafi na wavuvi, mwingine anasema ongeza pushapu. Nifuate nini? Na kuna mchezo ambao ukiucheza tu mgongo na mabega vinakuja bila kuhangaika na vyuma? Natanguliza shukrani.

Kocha wa Mtaani:

Mkuu pushapu usiongeze. Pushapu ni kusukuma, inajenga kifua, bega la mbele na ule msuli wa nyuma ya mkono, na hivyo vyote tayari unavyo. Mgongo wa juu unajengwa kwa KUVUTA, na vijana wengi sana mtaani hawavuti kabisa, anapiga pushapu mia asubuhi mia jioni miaka na miaka af anashangaa mabega yanazidi kuja mbele. Kifua kinakaza na kuyavuta huku nyuma hakuna kinachoyarudisha, ukiongeza na hiyo kazi yako ya kuinama ndo basi.

Kwanza ujue unajenga nini maana ukijua msuli uko wapi hata zoezi unalifanya vizuri. Kuna trapezi, huo unaanzia kisogoni unashuka mpaka katikati ya mgongo, watu wanajua kile kipande cha juu shingoni tu lakini una vipande vitatu na vile vya kati na chini ndo vinakukosesha umbo. Kuna romboidi, ziko kati ya uti wa mgongo na mabapa ya mabega, kazi yake ni kuyavuta mabapa yakaribiane. Kuna lati, ndo yale tunaita mabawa, yanatoka chini kiunoni mpaka kwenye mfupa wa mkono. Af bega lenyewe, deltoidi, lina sehemu tatu, mbele, pembeni na nyuma. We ya mbele unayo, ya pembeni ndo inampa mtu upana na ya nyuma ndo inarudisha bega mahali pake.

Sasa kazi. Una kiwanja, maana yake una goli, na mwamba wa goli la kawaida uko mita 2.44 kutoka chini, unaruka unaning'inia. Lakini angalia kwanza goli lenyewe limechimbiwa vizuri ardhini, goli la chuma la kusimamishwa tu likimwangukia mtu linaua, hilo sifanyi mchezo nalo. Kama pulapu, yaani kujivuta juu ukining'inia, huwezi hata moja usiogope, ruka au panda kwenye kiti mpaka kidevu kiwe juu ya mwamba af shuka taratibu ukihesabu mpaka tano, panda tena shuka tena. Ukiweza kushuka hivyo vizuri mara tano sita kwa pumzi moja, kupanda kwenyewe hakupo mbali. Na kabla ya kukunja mikono, vuta mabega kwanza yashuke mbali na masikio, ndo mgongo unaingia kazini, usipofanya hivyo mikono itabeba kila kitu.

La pili dumu. Hapa watu hawajui utajiri walionao, lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo dumu la lita 20 unaweza kulipanga uzito unaotaka, leo kilo 10, wiki mbili mbele 12, unaongeza kidogo kidogo mpaka lijae. Weka mkono mmoja kwenye benchi, mgongo ulale sawa, vuta dumu mpaka kiunoni, kiwiko kipite karibu na mbavu, shusha taratibu. Ukijaza madumu mawili ukatembea nayo mikononi mgongo umenyooka kifua wazi hatua arobaini hamsini, trapezi zitakusimulia kesho yake.

Kwa bega la pembeni chupa za lita moja na nusu zinatosha kuanzia, inua mikono pembeni mpaka usawa wa bega basi, usiirushe. Zikiwa nyepesi toa maji weka mchanga mkavu, huo ni mzito kama mara moja na nusu ya maji. Kwa bega la nyuma hizohizo chupa, inama mpaka mgongo ukaribie kulala, funua mikono pembeni.

Mara tatu kwa wiki inakutosha, kila zoezi seti tatu mpaka nne, seti ni kurudia mfululizo bila kupumzika, na seti iishe ukiwa umebakiza moja au mbili tu za kumalizia nguvu. Mtu akiniuliza mara ngapi kwa seti namwambia nane au ishirini zote zinajenga ilimradi mwishoni iwe ngumu kweli. Pushapu baki nayo ila kwa kila seti ya kusukuma weka mbili za kuvuta mpaka ulingane.

Mwana wa Ziwa:

Kocha kamaliza upande wa mazoezi, mi niongee kuhusu ziwa maana nimekulia Ukerewe. Kafi inajenga, hilo sikatai, waangalie wanaoshindana mbio za mitumbwi hapo Mwanza migongo yao ilivyo. Kwenye zile boti za mashindano za Olimpiki kiti kinateleza kwahiyo nguvu nyingi inatoka miguuni, ila kwenye mtumbwi wetu unakaa sehemu moja huteleziki popote, mgongo, mabega na kiuno ndo vinavuta. Shida ya kafi ni upande mmoja, ukizoea kulia tu mgongo utajaa kulia, kwahiyo badilisha upande kila baada ya muda. Na usivute kwa mikono, zungusha kiwiliwili, chomeka kafi mbele mbali af uje nayo mpaka usawa wa nyonga uitoe. Ukiweza kuingia na wavuvi wanaovuta nyavu kwa mikono nenda, ile kuvuta kamba mkono baada ya mkono ni mgongo mtupu.

Kuogelea nako kunajenga mabawa vizuri sana, mitindo ya fristaili na batafulai yote unavuta maji kwa lati. Ila huyo rafiki yako hajakwambia kitu kimoja, waogeleaji wengi mabega yao nao yanakuja mbele kwa sababu kuvuta maji kunatumia kifua na lati na vyote viwili vinazungusha mkono kwa ndani. Ukitaka kuogelea kukusaidie na hilo tatizo lako weka na kuogelea kwa mgongo, tena mara nyingi.

Na jingine, usiogelee popote tu. Ziwa letu lina kichocho, hasa pembeni kwenye majani na maji yaliyotulia ambako konokono wanakaa, na kuna sehemu zina mamba. Uliza wenyeji wa hapo, na kama umeshaogelea kwenye hayo maji nenda kituo cha afya ukapime, dawa yake ipo. Halafu usiingie peke yako hata kama unajua kuogelea.

Mpwani254:

Salamu kutoka Mombasa. Kwa swali la mchezo, mimi ningesema ndondi na mkuki, na mkuki naupenda zaidi kwa sababu ya mtu wetu hapa nyumbani Kenya. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki akitazama video za YouTube, hakuwa na kocha mwanzoni, na mwaka 2015 pale Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Rio. Lakini mtu asidhani kurusha ndiko kunakojenga bega. Nguvu inaanza mguuni, inapita nyonga na kiwiliwili, bega linapokea mwisho. Na mkono ukishaachia mkuki ile misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayoushikilia usichomoke, kwa hiyo warushaji wanafanya mazoezi mengi sana ya kuvuta nje ya uwanja. Hakuna mchezo utakaokupa mgongo wote wenyewe tu, cheza unaopenda halafu vuta.

Ndondi pia ni hivyohivyo, ukipiga begi mabega yanachoka kwelikweli ila ni kazi ya mbele, stamina utapata lakini mgongo utaudai.

Nina swali kwa Kocha, kusukuma uzito juu ya kichwa hujataja, kwani ni vibaya?

Kocha wa Mtaani:

Sio vibaya ndugu, ni zoezi la mabega la wazee wetu wote, sikulitaja kwa sababu mwenye swali mabega yamekaza na mtu wa hivyo akisukuma juu anapinda kiuno ili mkono ufike. Hii ya kujipinda ina historia, mpaka Olimpiki ya Munich 1972 kulikuwa na staili ya kusukuma chuma juu ya kichwa kwenye mashindano ya kunyanyua uzito, wakaja kuifuta maana watu walikuwa wanajilaza nyuma mno na majaji wakawa hawawezi kukubaliana ipi ni halali. Mpime hivi: asimame mgongo ukutani, kiuno kisiachane na ukuta, ainue mikono iguse ukuta juu. Ikigusa bila kiuno kutoka, asukume. Isipogusa, avute kwanza mwezi mmoja au miwili af ajaribu tena.

Bi Chumbageni:

Samahanini kaka zangu naingilia, mi ni mwanamke na ni fundi cherehani, hiyo hali ya mabega kuja mbele ninayo na huku juu panauma jioni. Naogopa tu nikianza madumu nisije nikawa na mabega ya mwanaume. Na je nyama mnakula kiasi gani maana nyumbani kwetu ni maharage na dagaa.

Dada wa Fiziotherapia:

Dada usiogope kabisa, mwili wa mwanamke una homoni ya testosteroni kidogo sana ukilinganisha na mwanaume, misuli mikubwa vile haiji kwa bahati mbaya, wanaoipata wanaitafuta miaka. Utakachopata ni mgongo ulionyooka na hayo maumivu ya jioni kupungua. Anza na tyubu ya baiskeli, nunua ya zamani kwa fundi baiskeli, ikate uifunge kwenye nondo za dirisha usawa wa uso. Ivute kuja usoni viwiko vikiwa juu na ngumi zielekee nyuma, shika kidogo, rudisha taratibu, kumi na tano kumi na tano. Ya pili ifunge usawa wa kiwiko, kiwiko kiegemee mbavu na katikati weka kitambaa kilichokunjwa, vuta kwenda nje. Hiyo ni ya ile misuli minne midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa kwenye bega, na hata wewe kijana wa Nyegezi ifanye. Na kwenye cherehani inuka kila nusu saa hata dakika moja tu, zoezi la saa moja halishindi saa tisa za kuinama.

Chakula, wanaojenga misuli wanaambiwa walenge karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Maharage na dagaa ni protini nzuri tu, tena dagaa wakavu wana protini nyingi kuliko nyama mbichi kwa uzito uleule, ongeza karanga na yai ukipata, hamna haja ya kununua makopo ya unga wa protini.

Kijana wa Nyegezi:

Asanteni sana aisee sikutegemea majibu ya hivi. Goli nimeenda kuliangalia, limemwagiwa zege chini. Swali la mwisho, nikining'inia bega la kulia linalia kko kko, haliumi ila linanitisha, na nikiinua mkono pembeni ukifika usawa wa bega kuna kaumivu kadogo af ukipita juu kanaisha. Niendelee?

Dada wa Fiziotherapia:

Mlio bila maumivu mara nyingi hauna neno. Hayo maumivu ya katikati ndo ya kuangalia, mara nyingi ni kano ya bega inayokereka inapopita chini ya mfupa wa juu. Kwa sasa inua chupa ukiishia chini kidogo ya pale panapoanza kuuma, na usiinue moja kwa moja pembeni, peleka mikono mbele kidogo, dole gumba liangalie juu. Kuning'inia kabisa acha kwanza, miguu ibaki inagusa chini ibebe nusu ya uzito. Tyubu fanya kila baada ya siku moja. Ukiona unashindwa kulalia bega hilo usiku, au mkono unakosa nguvu hata ya kuchana nywele, au maumivu yalianza baada ya kuanguka, hapo acha mazoezi uende hospitali wakuangalie.