Mjadala: Vyombo vya usalama vipewe ufunguo wa meseji zetu ili vikamate magaidi?

Wakuu, kila likitokea shambulio hoja hii hurudi: magaidi wanapanga mambo yao WhatsApp na Signal, kwa hiyo kampuni hizo zilazimishwe kuweka njia ya serikali kusoma meseji zilizosimbwa, yaani zilizofungwa ili zisomwe na mtumaji na mpokeaji tu. Raia mwema anaficha nini? Mimi napinga, na sababu yangu ya kwanza ni Garissa.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wakati huo Kenya ilikuwa tayari na sheria ya Desemba 2014 iliyoruhusu kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, lakini hicho cha kunasa mawasiliano ikakiacha. Hata tahadhari ilikuwepo: siku chache kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake. Sasa ni meseji gani iliyofungwa ndiyo iliyotuponza? Langoni walinzi walikuwa wachache mno, na Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilifika saa nyingi baada ya risasi ya kwanza, watoto wa watu wakiendelea kuuawa mabwenini. Inauma sana, na inauma zaidi ukisikia dawa inayopendekezwa ni kusoma simu za watu wote.

Halafu ufunguo wenyewe haukai kwa mwenyewe. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, ilizitaka kampuni za simu zijenge mitambo inayowezesha serikali kusikiliza kwa kibali. Mwaka 2024 ikabainika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia kwenye kampuni hizo hadi kuifikia mitambo hiyo hiyo. Desemba ya mwaka huo, maofisa wa Marekani wakawashauri wananchi watumie programu zenye usimbaji fiche! Ugiriki nayo yaliikuta 2004 na 2005: mtambo wa aina hiyo ulitumiwa na watu wasiojulikana kusikiliza simu za vigogo, akiwemo waziri mkuu Kostas Karamanlis.

Upande wa pili wana hoja, nakiri. Baada ya mauaji ya San Bernardino, Marekani, ya 2015, wapelelezi wa FBI walibaki na iPhone ya muuaji wasiweze kuifungua, wakaipeleka Apple mahakamani. Lakini walipopata mafundi wa nje wa kuifungua simu hiyo moja, kesi wakaiondoa. Kazi ya namna hiyo naiunga mkono: mshukiwa anajulikana, jaji ametoa kibali, simu za wengine haziguswi. Tena usimbaji haufichi kila kitu. Nani kampigia nani, saa ngapi, karibu na mnara upi, hayo polisi wanaweza kuyapata.

Mnaounga mkono, nijibuni hili: ufunguo ukiibwa, au akiushika ofisa anayemwinda mwandishi wa habari badala ya gaidi, raia atajuaje, na atakwenda kumshitaki wapi?