Naomba ushauri: E. coli isiyo na MalE inaota kwenye maltozi

Habari wakuu, mnaojua maikrobiolojia naombeni msaada nimekwama. Nina bakteria E. coli K-12 iliyofutwa jeni ya malE, yaani haina ile protini inayokaa kati ya utando wa nje na wa ndani, inadaka maltozi (sukari) halafu inaikabidhi kwa MalFGK2, mlango wa kwenye utando wa ndani ambao ndo unatumia ATP (nishati ya seli) kuiingiza ndani. Ninavyojua bila MalE huo mlango unakuwa kama umelala hata maltozi ikiwepo, kwa hiyo kwenye agari ya M9 (chakula cha bakteria chenye chumvi tu, sukari unaweka mwenyewe) yenye maltozi peke yake sitegemei kitu kiote.

Sasa sahani kesho yake iko safi kabisa, ila nikiiacha kwenye inkubeta 37°C siku kadhaa vinatokea vikoloni vichache vinene, vimekaa mbalimbali, na nyuma yake kuna kaukungu hafifu. Hako kaukungu nahisi ni glukozi kidogo iliyomo kwenye kopo la maltozi, maana glukozi inapita PTS (mlango mwingine wa sukari), haihitaji MalE. Vile vinene ndo vinanichanganya.

PCR nimerudia, malE haipo, na sahani isiyo na sukari haioti kitu.

Je, vinaweza kuwa vimepata mutesheni kwenye malF au malG (jeni za sehemu za huo mlango MalFGK2), zile zinazofanya mlango ufanye kazi bila MalE? Na kabla sijalipia sikwensi, yaani kusomewa DNA (hela yenyewe ya koloni mbili tatu tu), kuna jaribio gani la bei rahisi la kuzichuja kwanza?